Jua ni Bure, Mtaji Si Bure: Somo la Hewa Ukaa, Sola na Riba



Ndugu zangu katika Uislamu, muhula uliopita jenereta ya msikiti wetu ilikufa usiku, wiki moja kabla ya mitihani. Umeme wa gridi ulikuwa umekatika tangu alasiri. Sisi akina dada tulikuwa ghorofani katika chumba cha kujisomea, na kwa dakika chache tulisikia jenereta ikikohoa, kisha kimya. Tulimalizia usiku ule kwa tochi za simu, na waliokuwa na chaji ndogo wakaenda kulala bila kumaliza walichokisoma.

Siku tatu baadaye kamati ilikutana baada ya Isha. Kwenye mfuko tulikuwa na shilingi milioni 8. Jenereta mpya ya dizeli ilikuwa inauzwa milioni 5. Mtambo wa sola, yaani paneli, inveta, betri, nyaya na kazi ya fundi, ulikadiriwa milioni 20. Kaka mmoja akasema kuna mkopeshaji yuko tayari kutupa milioni 12 zilizopungua kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, tulipe kwa miaka 5. Mimi ndiye mweka hazina, na ninasoma uchumi mwaka wa tatu. Nilinyanyua mkono kuunga mkono jenereta, kwa hoja moja tu: milioni 5 tunazo, milioni 20 hatuna.

Mzee anayetunza msikiti wetu alikuwa amekaa karibu na mlango, akaniambia kwa upole: "Binti yangu, nyinyi kila mwaka mnanunua ndoo. Kisima hamchimbi." Kikao kikaahirishwa. Nilirudi chumbani na daftari la mahesabu, na makala hii ni matunda ya usiku ule. Ninaiandika kama somo, kwa sababu kosa nililolifanya kikaoni ndilo wanalolifanya watu wengi, hata serikali, wanapochagua nishati.

Daftari lilisema nini

Nilijumlisha risiti za mwaka mzima. Jenereta yetu ilikuwa inakunywa kama lita moja ya dizeli kwa saa. Kwa wastani tuliiwasha saa 4 kwa siku, siku 200 za masomo. Hizo ni lita 800. Kwa bei ya shilingi 5,000 kwa lita, tulichoma shilingi milioni 4 kwa mwaka, bila kuhesabu oili na fundi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona namba hiyo, kwa sababu ilikuwa inatoka kidogo kidogo, kidumu kimoja baada ya kingine.

Tena jenereta ndogo ina tabia ya ubadhirifu. Ukiwasha taa kumi tu, injini bado inazunguka kwa kasi ile ile na kunywa mafuta mengi kwa kila uniti ya umeme. Sehemu kubwa ya nishati iliyomo ndani ya dizeli haiwi umeme kabisa. Inatoka kama joto na kelele.

Na kuna kitu kingine kinachotoka, ambacho hakina risiti.

Hewa ukaa: namba zake na kazi yake

Lita moja ya dizeli ina uzito usiofika hata kilo moja. Lakini ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi. Inawezekanaje moshi uwe mzito kuliko mafuta? Jibu liko katika kemia ya sekondari. Kila chembe ya kaboni iliyomo katika mafuta inaungana na chembe mbili za oksijeni kutoka hewani. Kaboni ina uzito wa 12, na oksijeni mbili zina uzito wa 32, jumla 44. Uzito mwingi wa hewa ukaa umetoka angani na unarudi angani ukiwa umebeba kaboni iliyokuwa imezikwa ardhini. Lita zetu 800 zilirusha zaidi ya tani 2 kwa mwaka.

Hewa ukaa haina rangi wala harufu, na kwa kiasi kidogo haina madhara kwa anayeivuta. Kazi yake iko kwenye joto. Mwanga wa jua unapita katika hewa na kuipasha ardhi. Ardhi nayo inarudisha joto hilo juu kwa miale isiyoonekana, na hapo ndipo hewa ukaa inapoidaka sehemu ya miale hiyo na kuirudisha chini. Bila blanketi hili dunia ingekuwa barafu, basi blanketi lenyewe ni neema. Tatizo ni kuongeza blanketi juu ya blanketi.

Elimu hii haikuzuka jana. Mwaka 1856 mwanamke wa Marekani, Eunice Foote, alionyesha kwamba chupa yenye hewa ukaa hupata joto zaidi juani kuliko chupa yenye hewa ya kawaida. Miaka michache baadaye John Tyndall alipima maabarani jinsi gesi hii inavyonyonya joto. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akakokotoa kwamba kuongezeka kwa hewa ukaa kungepandisha joto la dunia. Halafu mwaka 1958 Charles David Keeling akaanza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, na vipimo hivyo vinaendelea mpaka leo.

Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, 280 hivi zilikuwa hewa ukaa. Keeling alipoanza alikuta kama 315. Leo zimepita 420. Na wanasayansi wanajua ziada hii imetokana na mafuta na makaa ya mawe, si pumzi zetu, kwa sababu kaboni iliyozikwa mamilioni ya miaka imepoteza aina moja ya kaboni yenye mionzi, ile yenye uzito wa 14. Kadiri mafuta yanavyochomwa, ndivyo kaboni ya angani inavyozidi kupungukiwa na alama hiyo. Ni kama mwizi aliyeacha nyayo.

Karibu nusu ya tunachorusha inamezwa na bahari na mimea. Inayobaki haiondoki upesi. Sehemu yake itakaa angani kwa karne nyingi. Kwa hiyo hewa ukaa si kama takataka ya jikoni inayooza wiki ijayo. Ni kama deni ambalo kila kizazi kinaongeza na hakuna anayelipa.

Sisi tunatoa kidogo, basi inatuhusu nini?

Swali hili huulizwa katika kila mjadala, na ni swali la haki. Mganda mmoja kwa mwaka, kwa matumizi ya mafuta, hatoi hata robo tani ya hewa ukaa, wakati wastani wa mtu duniani ni zaidi ya tani 4. Afrika nzima inatoa karibu asilimia 4 tu. Tena umeme wa gridi yetu kwa sehemu kubwa unatokana na maji ya mto Nile, na ni safi. Kwa nini basi mwanafunzi wa Mbale ahangaike?

Nina majibu mawili, na la kwanza ni kwamba madhara hayamfuati aliyeyasababisha. Hewa iliyopata joto la nyuzi moja zaidi inaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa karibu asilimia 7. Mvua ikiamua kunyesha, inanyesha kwa wingi uliojikusanya. Sisi tunaoishi chini ya mlima Elgon tunajua maana yake. Siwezi kusema mvua fulani imeletwa na mtu fulani, lakini mwisho wa Julai 2022 mito ya hapa Mbale ilifurika usiku na watu wakafa. Maji yaliingia nyumbani kwa mama yangu mdogo mpaka kifuani. Alitoka na watoto wawili na Msahafu. Duka lake la nguo halikurudi tena. Mama mdogo hajawahi kumiliki gari wala kupanda ndege.

Hata umeme wetu safi unategemea mvua hiyo hiyo. Mwaka 2005 na 2006 ziwa Victoria lilishuka sana, kwa sababu ya ukame na pia kwa sababu maji mengi yalipitishwa kwenye mabwawa ya Jinja. Mgao wa umeme ukawa mkali, na serikali ikalazimika kukodi majenereta makubwa ya dizeli, umeme wa bei mbaya kuliko wote. Miaka 14 baadaye mambo yakageuka. Mwaka 2020 ziwa likajaa kufikia kimo cha rekodi, na mwezi wa Aprili kisiwa cha magugu kinachoelea kikasukumwa mpaka kwenye mitambo ya Jinja na kuzima umeme karibu nchi nzima. Anayetegemea chanzo kimoja tu cha umeme anategemea rehema ya hali ya hewa, na hali ya hewa inabadilika.

Jibu la pili ni la mfuko. Hata kama hewa ukaa isingekuwa na madhara yoyote, bado tungepaswa kuuliza kama tunanunua nishati kwa bei nzuri. Hapa ndipo somo la uchumi linapoanza.

Bei ya sola ilivyoanguka

Kifaa cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa umeme kilionyeshwa mwaka 1954 katika maabara ya Bell, Marekani. Miaka ya mwanzo kilikuwa ghali kiasi kwamba kilitumika zaidi kwenye setilaiti. Kisha ikaonekana kanuni moja: kila mara jumla ya paneli zilizotengenezwa duniani inapoongezeka mara mbili, bei inashuka kwa karibu asilimia 20. Viwanda vinajifunza kwa kutengeneza. Kati ya mwaka 2010 na 2020 pekee, gharama ya umeme kutoka vituo vikubwa vya sola ilishuka kwa asilimia 85 kwa wastani wa dunia.

Dizeli haifuati kanuni hii. Haishuki bei kwa sababu watu wengi wanaitumia. Inapanda kukiwa na vita mbali na inapanda dola ikipanda.

Basi kama jua ni rahisi kiasi hiki, na kama Afrika, kwa mahesabu ya Shirika la Kimataifa la Nishati, ina asilimia 60 ya maeneo bora ya jua duniani, mbona paa zetu ziko tupu? Katika miaka 20 tangu mwaka 2000, Afrika ilipata karibu asilimia 2 tu ya uwekezaji wa dunia katika nishati jadidifu. Jua hatukunyimwa. Tatizo liko mahali pengine.

Ndoo na kisima

Rudi kwenye maneno ya yule mzee. Jenereta ni ndoo: unainunua kwa bei ndogo, lakini kila siku unalipia maji. Sola ni kisima: gharama karibu zote ziko siku ya kuchimba, na baada ya hapo maji ni ya Mola wako. Paneli nzuri inafanya kazi miaka 20 na zaidi.

Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo kiini cha uchumi wote wa nishati jadidifu. Mwenye ndoo analipa kidogo kidogo kutoka kwenye mapato ya kila siku. Mwenye kisima anahitaji fedha za miaka 20 siku ya kwanza. Kama hanazo, atakopa. Na akikopa, kinachoamua bei ya maji ya kisima chake si jua tena wala paneli. Ni riba.

Nataka tulione jambo hili kwa namba, maana bila namba linabaki kuwa mawaidha. Chukua mtambo wa milioni 20 utakaodumu miaka 20. Ukilipa taslimu bila riba, umegharimu milioni 1 kwa kila mwaka wa matumizi. Sasa chukulia umekopa fedha zote, na unalipa kiasi sawa kila mwaka kwa miaka 20.

Kwa riba ya asilimia 5, utalipa kama milioni 1.6 kwa mwaka. Kwa asilimia 10, kama milioni 2.35. Kwa asilimia 20, kama milioni 4.1.

Jua ni lile lile, paneli ni zile zile, fundi ni yule yule. Lakini katika hesabu ya mwisho umelipa jumla ya milioni 82 kwa kitu cha milioni 20. Na linganisha milioni 4.1 na daftari langu: dizeli ilikuwa inatula milioni 4 kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 20, jua la Mwenyezi Mungu linakuwa ghali kama dizeli. Na nchini kwetu mikopo ya benki kwa shilingi imekuwa ikizunguka karibu na kiwango hicho kwa miaka mingi.

Ndiyo maana riba kubwa inamsaidia muuza mafuta. Riba inapopanda, gharama ya jenereta haibadiliki sana kwa sababu mtaji wake ni mdogo. Gharama ya sola inapanda yote.

Soroti, Tororo, Zambia na Dubai

Haya si mambo ya msikiti peke yake. Ukitoka hapa Mbale kwenda kusini utakifika kituo cha sola cha Tororo, megawati 10, kilichoanza mwaka 2017. Ukienda kaskazini utakuta cha Soroti, nacho megawati 10, kilichozinduliwa Desemba 2016. Umeme wa vituo hivi ulipangwa kwa bei ya zaidi ya senti 16 za dola kwa uniti, na ilibidi mpango uitwao GET FiT, uliochangiwa na wafadhili wa Ulaya, ulipe sehemu ya bei hiyo ili isimwangukie mtumiaji.

Mwaka huo huo wa 2016 Zambia ilipata bei ya karibu senti 6 kwa uniti, katika zabuni iliyokuwa na dhamana za Benki ya Dunia. Na Dubai ikapata senti 2.99.

Tusidanganyane kwamba sababu ni moja. Mikataba yetu ilipangwa mapema zaidi, paneli zikiwa bado ghali, na vituo vyetu ni vidogo. Kile cha Dubai kilikuwa cha megawati 800, na mwenye kununua kwa wingi hupata bei. Lakini sababu kubwa mojawapo ni mtaji. Mradi wa Dubai ulipata mikopo ya muda mrefu kwa kiwango kidogo, kwa sababu wakopeshaji waliamini kwamba mnunuzi wa umeme atalipa. Mradi wa Afrika, kwa paneli zile zile, mara nyingi hutozwa kiwango mara mbili au zaidi ya kile kinachotozwa katika nchi tajiri. Hofu ya mkopeshaji imewekwa ndani ya bei ya umeme wa maskini. Dhamana ya Zambia haikuongeza jua, iliondoa hofu.

Riba na kisima cha Ruma

Sisi Waislamu tunalijua katazo la riba kutoka Surat al-Baqara, na wengi wetu tunalichukulia kama suala la dhambi ya mtu binafsi na benki yake. Usiku ule daftarini nililiona kwa sura nyingine. Niliona jinsi riba inavyoweza kukaa kati ya kiumbe na neema iliyowekwa juu ya kichwa chake bila malipo.

Kisha nikakumbuka kisima cha Ruma, Madina. Maji yalikuwa yanauzwa, na maskini wakateseka. Sayyidna Uthman ibn Affan, radhiyallahu anhu, akakinunua kwa mali yake na kukifanya wakfu, watu wakateka bila kulipa. Ukikiangalia kwa macho ya mwanafunzi wa uchumi, alichokifanya ni hiki: alilipa mtaji wote siku ya kwanza na hakudai faida juu yake. Gharama ya mtaji ikawa sifuri, na bei ya maji ikashuka mpaka kwenye gharama ya kamba na ndoo. Hesabu ya sola inahitaji kitu hicho hicho.

Njia zipo zaidi ya moja. Malaysia mwaka 2017 ilitolewa sukuk ya kwanza ya kijani, iliyogharimia vituo vya sola katika jimbo la Sabah. Mwaka 2018 serikali ya Indonesia ikauza sukuk ya kijani ya dola bilioni 1.25. Katika sukuk mwekezaji anashiriki katika mali halisi na mapato yake, badala ya kukopesha fedha kwa nyongeza. Hapa Uganda sheria ilirekebishwa mwaka 2016 kuruhusu benki za Kiislamu, na leseni ya kwanza ya benki kamili ya Kiislamu ikatolewa mwaka 2023. Na kwa misikiti yenyewe, Istiqlal ya Jakarta ina paneli zaidi ya 500 juu ya paa, na Kutubiyya ya Marrakesh nayo imewekewa sola.

Lakini nitoe tahadhari, kwa kuwa nimeona wenzangu wakilipita jambo hili kwa haraka. Jina la halali halipunguzi bei lenyewe. Katika murabaha, muuzaji anakununulia kifaa na kukuuzia kwa faida iliyotajwa. Kama faida hiyo ni sawa na ile riba ya asilimia 20, mkataba unaweza kuwa sahihi kisheria, na hukumu yake tunawaachia masheikh, lakini sola yako itakuwa ghali vile vile. Muulize muuzaji maswali mawili: je, mkataba ni halali? Na je, jumla nitakayolipa ni kiasi gani? Swali la kwanza halijibu la pili.

Tuliporudi kikaoni

Wiki iliyofuata niliomba kusema kwanza, nikakiri kwamba nilikosea. Nikaandika njia tatu ubaoni, kwa miaka 5.

Jenereta: milioni 5 za kununua, na milioni 20 za dizeli. Jumla milioni 25, na mwisho wa miaka 5 una jenereta kuukuu.

Sola kwa mkopo: milioni 8 zetu, na mkopo wa milioni 12 unaolipwa kama milioni 4 kwa mwaka, jumla milioni 20. Yote pamoja milioni 28.

Sola kwa wakfu: milioni 20, basi, na baada ya hapo ni kuweka akiba ya betri na inveta ambazo zitachakaa kabla ya paneli.

Yule kaka wa mkopo alikuwa na hoja, nami niliikubali mbele ya wote. Ukitazama miaka 10 badala ya 5, hata sola ya mkopo inaishinda jenereta, kwa sababu dizeli haiishi kudaiwa. Kwa hiyo kama kungekuwa na njia mbili tu, jenereta na mkopo, wasiojali riba wangechagua mkopo na hesabu ingewaunga mkono. Lakini angalia nani anaamua. Uongozi wetu unabadilika kila mwaka. Amiri wa mwaka huu atasifiwa kwa kuwasha taa kwa milioni 5, na amiri wa miaka 4 ijayo ndiye atakayehangaika na madumu. Serikali nazo ziko hivyo. Anayelipa kisima na anayekunywa maji si mtu mmoja, na hapo ndipo uamuzi mbaya unapozaliwa.

Tulikubaliana juu ya wakfu. Milioni 12 zilizopungua tukazigawa katika hisa 240 za shilingi 50,000. Fedha za zaka hatukuzigusa, maana zina wenyewe. Tuliandika pia sharti: katika zile milioni 4 tulizokuwa tunachoma kila mwaka, milioni 1.5 ziwekwe kando kwa ajili ya betri na inveta, na hakuna kamati itakayoruhusiwa kuzigusa kwa jambo lingine. Wakfu usiotunzwa unakufa kama jenereta.

Mpaka ninapoandika, hisa 171 zimeshachukuliwa. Nyingi zimetoka kwa waliohitimu. Wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza waliungana kununua hisa moja. Mama yangu mdogo alinitumia shilingi 50,000 kwa simu, nikamwambia dada yetu huyu hana duka, tusipokee. Alinipigia akanigombeza. Akasema maji yalipoingia kwake hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari, basi na mimi nisimuulize. Hisa yake imeandikwa.

Zimebaki hisa 69. Usiku bado tunasoma kwa tochi za simu.

Kwa nani somo hili

Kwako wewe unayesoma uhandisi: jifunze kupima paa, kivuli na betri, kwa sababu mtambo uliopimwa vibaya unawafanya watu waichukie sola. Wewe unayesoma sheria au sharia: tunahitaji hati za wakfu zinazofaa kwa kifaa kinachochakaa, si kwa ardhi tu. Wewe wa uchumi kama mimi: mtu akikuambia nishati fulani ni ghali au rahisi, usiulize bei ya paneli peke yake. Uliza mtaji unatoka wapi na kwa kiasi gani. Na wewe utakayekuja kukaa wizarani au benki inshaallah, kumbuka kwamba dhamana moja nzuri inaweza kushusha bei ya umeme wa nchi kuliko hotuba mia.

Hewa ukaa tunayorusha leo itabaki angani baada ya sisi kufukiwa. Kisima nacho hubaki. Tuchague tutakachoacha.

Maswali ya halaqa

1. Katika nyumba yenu, ni nishati ipi mnayoinunua kama ndoo? Jumlisha matumizi ya mwaka mzima, kisha jadilini mlichokiona.
2. Kifaa cha sola kinauzwa taslimu shilingi 600,000, au kwa malipo ya shilingi 2,500 kila siku kwa mwaka mmoja. Mnunuzi wa pili analipa nyongeza ya kiasi gani? Je, maskini ana njia nyingine?
3. Nani abebe gharama ya madhara ya mafuriko: aliyerusha hewa ukaa, serikali, au aliyefurikiwa? Toeni hoja kwa adabu.
4. Kama amiri anaongoza mwaka mmoja tu, tuweke utaratibu gani ili apangie miaka 20?

Mwenye kutaka hisa amwone mweka hazina msikitini baada ya Maghrib. Nilipokosea nisahihisheni, nanyi mna haki hiyo kwangu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.